Hamu ya Kazi Haiji kwa Kukemewa: Ushauri kwa Mwenye ADHD, Kutoka Mwalo wa Kibirizi

Fomu ya mkopo iko mezani tangu Jumatatu. Kalamu ipo, namba ya NIDA ipo, na mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Umeketi mbele yake, unataka kuijaza, unajua ukikosa utajuta, na bado mkono hauendi. Mara jirani anapiga hodi: pampu yake ya maji imegoma. Wewe huyo, umeshaifungua, umepanga nati zake juu ya gunia, umesahau hata chakula cha mchana, na jioni maji yanatoka. Ukirudi nyumbani unaulizwa, "Kumbe nguvu unazo?"

Nguvu unazo. Naandika makala haya kwa sababu swali hilo, ambalo mama, mke, mwalimu au bosi huliuliza bila nia mbaya, limewavunja moyo watu wengi wenye akili nzuri, na kwa sababu jibu lake likieleweka, unaweza kuipanga siku yako upya ukiwa hapa hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu, Ujiji au kijiji chochote cha pwani ya Ziwa Tanganyika.

ADHD ni hali ya ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Huanza utotoni; mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12. Inakadiriwa kuwagusa watoto 5 hivi katika kila 100 duniani, na wengi wao huingia nayo utu uzimani. Hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana baba anayemchapa mwanawe kwa kutotulia mara nyingi naye ana kumbukumbu zake za viboko vya shule kwa kosa hilo hilo. Daktari wa watoto George Still alieleza watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake jijini London mwaka 1902, miongo mingi kabla ya simu za mkononi. Kwa hiyo simu haikuizaa, malezi ya siku hizi hayakuizaa, na hakuna jini wa ziwani anayehusika.

Kuhusu hamu ya kazi hasa, mwaka 2009 Nora Volkow na wenzake nchini Marekani walipiga picha za ubongo za watu wazima 53 wenye ADHD ambao hawakuwa wakitumia dawa, wakazilinganisha na za watu 44 wasio nayo. Kwenye njia za ubongo zinazoshughulika na hamu na malipo, walikuta vipokezi na visafirishi vya dopamini vikiwa pungufu. Dopamini ni kemikali inayosaidia mwili kuona kwamba jambo fulani linafaa kuinukiwa. Maana yake kwa maisha ya kila siku ni kwamba umuhimu wa kazi, peke yake, haukuinui. Mwenzako akijua kazi ni muhimu, ujuzi huo humsukuma. Wewe unajua vilevile, pengine kuliko yeye, lakini unabaki umekaa.

Daktari wa Marekani William Dodson, aliyewatibu watu wazima wenye ADHD kwa miaka mingi, husema wanaoishi na hali hii huinuliwa na mambo manne: kinachovutia, kilicho kipya, chenye changamoto, na cha haraka. Ni maelezo ya tabibu aliyewasikiliza wagonjwa wake, hayajapimwa maabara kama kazi ya Volkow, lakini sijakutana na mwenye ADHD ambaye hakujiona ndani yake. Mimi naongeza la tano: mtu wa karibu. Kazi inayofanywa huku mwenzako yupo huanza, na ile unayoachiwa peke yako chumbani hulala.

Ukitaka kuyaona yote matano yakifanya kazi, nenda mwalo wa Kibirizi alfajiri, siku za giza. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku ambao mwezi haupo, wakiwa na taa. Zamani karabai, sasa wengi wana taa za sola. Mwanga huwavuta dagaa juu, nyavu zikaja chini yao. Asubuhi mitumbwi inaingia na ufukwe wote unaamka kwa pamoja. Wanawake wanapatana bei kwa beseni, wengine wako majini hadi magotini. Dagaa wakishanunuliwa hakuna kukaa: wanamwagwa juu ya vichanja vya wavu au juu ya mchanga, wanatandazwa kwa viganja mpaka wasilaliane, na baada ya muda wanageuzwa. Mtoto anafukuza kunguru. Wingu likionekana upande wa Kongo, mwenye dagaa na asiye na dagaa wote wanakimbilia turubai. Jua likiwaka vizuri, jioni wamekauka, na wale wa kichanjani, wasio na mchanga, wanapata bei nzuri zaidi.

Hakuna aliyemwambia mama anayeanika dagaa pale ajitume. Jua ndilo linalompa muda wa mwisho, na muda huo anauona kwa macho. Matokeo anayaona kabla ya kulala. Mikono na miguu vinafanya kazi, bei ya leo si ya jana, na wenzake wako pande zote. Hata mapumziko yamo ndani ya kazi yenyewe, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haivuti samaki, basi watu wanalala, wanashona nyavu, wanatengeneza mashine.

Mtu mwenye ADHD anaweza kuifanya kazi hiyo kwa miaka bila mtu kumwita mvivu. Mtu huyo huyo ukimwambia aandike hesabu za mauzo ya dagaa wale, wiki tatu zinapita daftari likiwa tupu. Ushauri wangu wote umejengwa hapa: kazi inayokushinda iazime sura ya kazi isiyokushinda. Usijikemee ili uwe na hamu. Igeuze kazi mpaka ikuite.

Tuanze na daftari hilo, kwa kuwa ndilo linalofilisi watu. Wafanyabiashara wote wa hapa wanajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini wenye ADHD wengi huahirisha hesabu hadi Jumapili, waketi mezani, wakumbuke wiki nzima. Haiwezekani, kwa kuwa kumbukumbu ya kushikilia mambo kwa muda mfupi ni moja ya vitu vinavyoyumba katika hali hii. Daftari lifungwe kwa kamba kwenye mguu wa kichanja, na kalamu ifungwe kwenye daftari. Beseni moja likiuzwa, mstari mmoja unaandikwa ukiwa umesimama, mnunuzi akiwa bado mbele yako, na unausema kwa sauti ili naye aukubali. Ukichoka kuandika, jirekodi kwenye simu. Jioni kabla hamjaachana, mwombe mwenzako mkae dakika 10 mjumlishe pamoja, halafu tamkeni jibu. Kazi ya mezani sasa ina mtu, ina haraka, ina matokeo ya papo hapo, na imegawanyika vipande ambavyo hakuna hata kimoja cha kutisha.

Mwanafunzi wa kidato cha nne naye afanye vivyo hivyo kwa njia zake. Kusoma kimya, umeinama juu ya kitabu saa tatu, ni namna moja tu ya kusoma, na kwako ni namna mbaya. Waliopita madrasa za Ujiji wanajua nyingine: kusoma kwa sauti, mwili ukiyumba, mwenzako akikusikiliza na kukurekebisha, na kila ukimaliza sehemu unakwenda mbele ya ustadhi kuthibitisha. Chukua utaratibu huo uupeleke kwenye biolojia. Tembea uani ukieleza mzunguko wa damu kwa mdogo wako. Chukua mtihani wa NECTA wa miaka iliyopita, weka saa, jibu swali moja tu kwa dakika 20, sahihisha hapo hapo, inuka, kunywa maji, rudi. Kufungua mtihani bila kujua utakutana na swali gani kunaleta ile ladha ya upya ambayo notisi ulizozisoma mara ya nne haziwezi kukupa.

Na ile fomu ya mkopo? Itoe nyumbani. Ipeleke steshenari unakopiga fotokopi, umwambie kijana wa pale kwamba huondoki mpaka ijazwe. Ukishindwa hata kutoka, lengo la leo liwe kuandika jina lako juu ya fomu na kuishia hapo. Mara nyingi mkono ukishaanza huendelea wenyewe, kwa sababu kwa mwenye ADHD mlango mgumu ni wa kuingilia. Usipoendelea, jina limeandikwa, na kesho huanzi na karatasi tupu.

Muda unahitaji maelezo yake. Wenye ADHD wengi hawausikii ukipita: kwao kuna sasa, na kuna baadaye, na baadaye haina umbali. Saa ya ukutani haisaidii sana, kwa kuwa huitazami. Unahitaji muda unaokujia wenyewe, na katika mji wa Ujiji muda huo unakuja mara tano kwa siku kutoka misikitini, uwe Mwislamu au Mkristo. Ifunge kazi kwenye adhana badala ya kuifunga kwenye namba ya saa: baada ya adhuhuri napiga simu mbili za wateja, alasiri ikisikika naacha chochote ninachofanya, naangalia orodha. Mwenye kuswali tayari ana vituo vitano vya siku. Aviongezee jambo moja dogo kila kimoja. Anayeishi mbali na msikiti aweke kengele za simu zenye milio tofauti, na aibadilishe milio hiyo mara kwa mara, maana mlio uliozoeleka hausikiki tena.

Nimesema habari ya mtu wa karibu. Hii ndiyo dawa isiyo na gharama ninayoiamini kuliko zote, na jamii yetu imejaa nafasi zake. Chukua kikoba. Watu wanaoshindwa kuweka akiba peke yao huweka wakiwa kikundini, kwa sababu siku ya kukutana inajulikana, majina yanasomwa mbele ya wote, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu. Kwa mwenye ADHD anayetumia hela kabla hajafikiri, kufuli tatu ni msaada mkubwa kuliko nasaha mia. Basi tengeneza kikoba cha kazi: watu wawili au watatu mnaokutana kila Jumamosi asubuhi, kila mmoja na kazi yake inayomchosha, huyu na mashine ya kushonea, huyu na ripoti ya shule, huyu na mchele wa kuchambua. Hamhitaji kusaidiana. Kila mmoja atamke mwanzoni atakachomaliza, na mwisho atamke alichomaliza. Wanawake wanaochambua dagaa barazani wakipiga soga wameishi kwa utaratibu huu siku zote.

Sasa, shughuli za kuiamsha akili. Watu hudhani ni starehe za kusubiri mpaka kazi ziishe. Kwako ziwekwe kabla ya kazi. Tafiti za mazoezi ya mwili kwa wenye ADHD zinaonyesha kwamba umakini huboreka kwa kiasi, na hata mazoezi ya muda mfupi husaidia. Panda kilima kutoka stesheni ya reli hadi Mwanga kwa miguu badala ya kuchukua bodaboda, kisha keti kufanya kazi wakati mwili ungali na joto. Mpira wa asubuhi ufukweni una faida hiyo hiyo. Kuogelea nako kunafaa, mradi uchague mahali. Kichocho kipo katika baadhi ya fukwe za makazi, na ziwa hili, lenye kina cha meta 1,470 hivi penye kina kirefu zaidi, hujaa mawimbi ghafla upepo ukibadilika.

Kwa mikono, tafuta ufundi wenye fumbo. Mafundi wa injini za boti wa Kibirizi hawapati tatizo lile lile kila siku, na kijana asiyetulia darasani huweza kutulia saa nne mbele ya kabureta. Kuunda mitumbwi, kushona, kukamua mawese, kupiga dufu, kucheza bao, vyote vinafaa, lakini bao lina sifa ya pekee: kila kete unayoshika inakulazimisha kuhesabu mbele, mshindani yuko usoni pako, na watazamaji hawakuachi usinzie. Vijana wanaopenda mambo ya nje watafute klabu za Roots & Shoots mashuleni. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960, alizianzisha na kikundi kidogo cha wanafunzi Dar es Salaam mwaka 1991, na zinajengwa juu ya kutenda: kupanda miti, kusafisha fukwe, kuhudumia wanyama na watu.

Ila usiweke moyo wote kwenye shughuli moja. Mwenye ADHD hupenda kitu kwa moto mkali, kisha siku moja moto unazimika na yeye anajiona msaliti. Upendo ule ulikuwa wa kweli, upya wake ndio uliokwisha. Uwe na shughuli nne au tano, ziandike ukutani, zungusha. Wengi waliona haja ya hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Uamuzi ulikuwa na sababu yake, lakini mtu ambaye siku yake yote ilishikiliwa na mwalo alibaki bila kengele, bila wenzake na bila jasho. Kufungwa kwa ziwa kunatangazwa mapema. Panga mapema utakachoshika: shamba la milimani, kibarua cha ufundi, kozi ya VETA. Siku tupu ni adui wako zaidi ya siku iliyojaa.

Kuna jambo kutoka kaskazini mwa Kenya ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walitoa utafiti juu ya wanaume wa jamii ya Ariaal, baadhi yao wafugaji wanaohamahama na wengine waliokwisha kulowea mahali pamoja. Waliangalia aina ya jeni moja ya urithi ya dopamini ambayo tafiti nyingine zimeihusisha na ADHD na kupenda mambo mapya. Kati ya wanaohamahama, waliokuwa na aina hiyo walikuwa na hali bora ya lishe kuliko wenzao. Kati ya waliolowea, hali iligeuka: wenye aina hiyo ndio walioelekea kuwa dhaifu. Utafiti ulikuwa mdogo, na jeni moja haimwelezi mtu mzima. Lakini fikiria maana yake kwa mtoto anayeitwa kiguu na njia. Damu ile ile, mazingira tofauti, matokeo tofauti.

Ila akili yenye njaa ya msisimko itaupata popote, na mjini kuna wanaouza msisimko wa haraka. Kubeti ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa sababu mkeka una vitu vyote vinavyomuinua mwenye ADHD: upya, haraka, ushindani, na matokeo ndani ya dakika 90. Usiweke hela ya biashara kwenye laini ile ile uliyo nayo mfukoni. Gongo, bangi na mirungi hutuliza au kuamsha kwa saa chache na kudai malipo kwa miaka. Na wenye ADHD hupata ajali zaidi ya wengine. Kwa hiyo kwenye bodaboda ni kofia ngumu kila safari, na mtumbwini ni jaketi la kuokolea maisha hata kama wenzako wote hawajavaa.

Kwa wazazi na walimu nina ombi. Mtoto wa kiume anayeruka madawati mtamuona. Msichana aliyetulia nyuma ya darasa, macho dirishani, anayesahau kila alichotumwa, hamtamuona, na ADHD ya wasichana mara nyingi ni ya namna hiyo. Mpeni agizo moja kwa wakati. Msifieni pale pale alipofanya, kwa kuwa sifa ya mwisho wa muhula haimfikii. Na msikimbilie kulitaja jina hili kwa kila mtoto asiyetulia. Malaria za mara kwa mara, upungufu wa damu, masikio yasiyosikia vizuri, usingizi mbovu na njaa huleta sura hiyo hiyo. Mkoa wetu umewapokea watoto waliokimbia vita kutoka Kongo na Burundi, wengi wakiwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu; hofu waliyoiona inaweza kuonekana darasani kama ukosefu wa umakini, na inahitaji msaada wa aina nyingine.

Mambo niliyoyaeleza hayachukui nafasi ya daktari. Zipo dawa za ADHD, zimechunguzwa kwa miongo mingi na huwasaidia wengi, ingawa hazipatikani kila mahali na haziuzwi kiholela. Usizinunue wala kuazima za mtu. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, uulize huduma ya afya ya akili. Ikihitajika utapewa rufaa, pengine Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Ukienda, usiende mikono mitupu. Beba ripoti zako za shule ya msingi kama zipo, hasa zile zenye maoni ya walimu. Nenda na mtu aliyekujua ukiwa mtoto, mama, shangazi au kaka mkubwa, kwa sababu daktari atauliza ulikuwaje kabla ya miaka 12 na wewe hutakumbuka yote. Andika usiku uliotangulia mambo matatu yanayokugharimu zaidi: kazi ulizopoteza, madeni, ugomvi wa nyumbani, kwa mifano na si kwa majina ya tabia. Taja usingizi wako, pombe kama unakunywa, na dawa yoyote unayotumia, ya hospitali au ya mitishamba. Karatasi hiyo mpe atakayekusindikiza aishike, muondoke pamoja asubuhi.